Nilivyolipanga boksi la beji za Ujerumani Mashariki

Jirani yangu hapa Leipzig, bibi wa miaka themanini na ushee, alifiwa na mumewe akaachiwa boksi la viatu lililojaa beji za michezo. Akaniomba nimpangie, aziuze kwenye gulio la Jumapili. Nikakubali upesi, kama mtu asiyejua anachokubali. Usiku nikazimwaga mezani: Traktor, Turbine, Rotation, Medizin, Empor. Nikajiuliza kama ni timu au ni vipuri.

Nilianza kupanga kwa miji, nikakwama. Timu za huko zilihamishwa kama makarani. Empor ilikuwa ya kijiji cha Lauter, ikapelekwa Rostock katikati ya msimu wa 1954. Mwaka huohuo wachezaji wa Dynamo Dresden wakapelekwa Berlin. Vorwärts ilitoka Leipzig ikaenda Berlin, na mwaka 1971 ikahamia Frankfurt, ile ya mto Oder.

Kilichonikomboa ni Lokomotive. Marehemu baba alifanya kazi reli pale Morogoro, na timu yetu ilikuwa Reli. Nilipoishika beji ile nikacheka peke yangu: kumbe jina linakutajia mwajiri! Baada ya vita klabu za zamani zilivunjwa, na miaka ya hamsini michezo ikagawiwa kwa sekta. Turbine ni watu wa umeme, Traktor ni wakulima, Rotation ni wachapaji, Medizin ni hospitali, Empor ni biashara na vyakula, Wismut ni machimbo ya urani. Vorwärts ni jeshi. Sisi tuna JKT, Polisi na Prisons, lakini tuna Simba na Yanga pia, ambazo hazikuzaliwa na wizara yoyote. Huko nafasi ya Simba na Yanga haikuwapo.

Nikatandika gazeti, nikagawa mafungu kwa mwajiri. Kazi ya siku mbili ikaisha kwa saa tatu. Dynamo ndizo rahisi kuliko zote: D nyeupe kwenye rangi ya damu ya mzee. Hao walikuwa polisi na usalama wa taifa, na mwenyekiti wao, Erich Mielke, ndiye aliyekuwa waziri wa usalama huohuo. Timu yao ya Berlin ilichukua ubingwa mara 10 mfululizo, 1979 hadi 1988. Kila mtu anajichekea anapokutajia hesabu hiyo. Malalamiko kuhusu waamuzi hayajaisha mpaka leo.

Asubuhi nikampelekea bibi. Nilikuwa nimeziweka Chemie, timu ya watu wa kemikali, na Lokomotive sahani moja, maana zote za Leipzig na nilitaka kubana nafasi. Hakusema neno. Alizisukuma za Chemie kwa ukucha, moja moja, hadi ukingo wa pili wa meza. Kisha akamimina kahawa, akaanza kusimulia. Mwaka 1963 wakubwa waliwakusanya wachezaji bora wa mji kwenye klabu moja, SC Leipzig, ambayo baadaye soka lake likawa Lokomotive. Waliobaki, wale walioonekana hawafai, wakatupiwa Chemie. Msimu wa 1964 Chemie wakawa mabingwa wa nchi. Mumewe alikuwa uwanjani. Bibi aliisimulia habari ile huku akipiga meza kwa kijiko, nami nikaelewa kwa nini sahani zisingeweza kuchanganyika.

Ushauri kwa atakayepata boksi kama hilo: anza na jina, kisha rangi, mji uje mwisho. Na usisafishe beji kwa siki, rangi hubabuka. Niliharibu Turbine mbili.

Gulioni Dynamo zilitoka kwanza, wanunuzi wengi vijana ambao nchi ile hawakuikuta. Chemie bibi alizirudisha mkobani kabla hatujafungua meza. Medizin hazikupata mteja. Ziko kwenye droo yangu, pamoja na betri zilizokwisha.