Siku Moja Maishani Mwangu: Kuchagua Bodi ya Nyongeza

Saa mbili asubuhi nafungua karakana yangu Kariakoo na kupanga rafuni bodi za nyongeza za Arduino, yaani zile zinazopachikwa juu ya bodi hiyo ndogo ya kuprogramu vifaa vya elektroniki, kwa kufuata kazi zake, si bei: zenye bredibodi ndogo ya matundu 170 (ya kuchomeka waya bila kulehemu), zilizo tupu kwa ajili ya kulehemu, na zenye vibano vya skrubu vya kufungia waya.

Saa tatu anaingia mwanafunzi wa chuo. "Shikamoo, fundi." Amebeba bodi ya kawaida ya matundu na anataka kuipachika juu ya Arduino Uno. Namwonyesha kwa rula kwamba pini za Uno hupishana kwa milimita 2.54, isipokuwa kati ya pini ya 7 na ya 8, ambako nafasi ni takriban milimita 4.06, hivyo bodi hiyo haiwezi kukaa sawasawa kwenye safu zote. Bodi iliyotengenezwa mahususi kwa Uno huzingatia nafasi hiyo. Kwa kuwa bado anabadilisha sakiti yake kila mara, anachukua yenye bredibodi.

Saa sita mchana anafika mama mmoja kutoka Kigamboni, mpenzi wa elektroniki anayejiundia mashine ya kutotolesha vifaranga, na hapa ndipo siku yangu inapotulia kwa muda mrefu. Mayai ya kuku hukaa siku 21 kwenye joto la karibu nyuzi 37.5, na waya mmoja ukichomoka kwenye bredibodi usiku, kazi yote inapotea. "Mama, hii tuilehemu," namwambia. "Sawa, mwanangu, ila nataka na saa, na kadi ya kuhifadhi kumbukumbu." Basi, kabla ya kugusa bodi yoyote, tunaandika pini kwenye karatasi: saa inatumia A4 na A5 kwa njia ya I2C (mawasiliano ya waya mbili), kadi inachukua 11, 12 na 13 kwa njia nyingine ya mawasiliano iitwayo SPI, pamoja na pini ya kuichagua, ambayo mara nyingi ni ya 10 au ya 4, na pini za 0 na 1 tunaziachia mawasiliano na kompyuta. Naamini karatasi hiyo ndiyo inayochagua bodi, kwa maana bodi yenye vipande vingi vilivyokwisha kulehemiwa inaweza kuwa imeshazichukua pini unazozihitaji.

Linabaki suala la taa za kupasha joto. Pini ya Uno inafaa isitoe zaidi ya miliampia 20, ilhali koili ya rilei ndogo ya volti 5, yaani swichi ya umeme itakayowasha taa hizo, huhitaji takriban 70, kwa hiyo tunaacha nafasi ya transista ya kuiendesha rilei na dayodi ya kuikinga transista hiyo. Umeme wa volti 230 hauruhusiwi kabisa kupita kwenye bodi yenyewe; rilei inakaa kwenye kisanduku chake.

Saa tisa kijana mwingine anaulizia bodi ya zamani kwa ajili ya Arduino Mega 2560, iliyo kubwa kuliko Uno. Namtahadharisha kwamba kwenye Mega njia ya SPI iko pini za 50 hadi 53, kwa hiyo bodi inayotegemea pini za 11 hadi 13 haitafanya kazi.

Kuanzia saa kumi nalehemu bodi ya yule mama. Nachagua ile yenye vibano vya skrubu, ili aweze kubadilisha kihisi cha joto bila kulehemu upya, kisha napima kwa mita kuhakikisha volti 5 na graundi hazijagusana. Saa kumi na mbili naiwasha kwa mara ya kwanza, bila rilei. Saa inasomeka na kadi inaandika.