Bibi hakuwa na homa

Jana nimerudi na meli toka Nansio kumsalimia bibi, na njia nzima nawaza tulivyotaka kumpoteza kizembe kwa endokaditisi, yaani bakteria kushambulia valvu za moyo, ile milango ya kupitishia damu.

Tuanze na binamu yangu aliyeugua huohuo, kijana anabeba dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Yeye aliumwa waziwazi, homa kali anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, siku ya pili tu tukampakia bodaboda. Kumbe utotoni tonsesi zilimsumbua hazikutibiwa vizuri, zikaleta homa ya rumatiki ikaharibu valvu ya moyo na hakuna aliyejua, sasa bakteria wakiingia kwenye damu hujishikiza hapohapo palipochubuka. Kwa vijana wa kwetu stori nyingi ni hiyo, wengine wamezaliwa na kasoro ya moyo, na wanaojidunga unga mara nyingi inapigwa valvu ya upande wa kulia.

Sasa bibi, miaka 76. Homa ya maana hakuna. Alichoka tu, magauni yakaanza kumpwaya, sato hapandi, halafu akaanza kuchanganya majina, mimi anayeniita mume wangu siku zote akaniita jina la marehemu babu na sisi tukacheka, mwanamke kamkumbuka mumewe! Miezi miwili tunasema uzee huo. Mwili wa mzee mara nyingi haupandishi joto kama wa kijana, kwa hiyo kipimajoto kinaweza kukudanganya kabisa.

Duka la dawa wakampa vidonge vya UTI, akapata nafuu siku nne akarudi palepale. Hapo ndo tuliharibu, maana damu ikipelekwa kuoteshwa maabara wakati mtu ameshameza antibayotiki bakteria wanaweza wasionekane, ndo maana wanapenda kuchukua damu mara tatu kabla ya dawa yoyote. Ikabidi wasubiri, warudie. Eko, ile altrasaundi ya moyo, ikaonesha kitu kama kinyama kinacheza kwenye valvu.

Daktari akatuambia valvu ya mzee inakakamaa yenyewe, inaganda chokaa, wengine wana valvu bandia au betri ya moyo, na mdudu wao mara nyingi anatokea njia ya mkojo au utumbo, ndo maana bibi aliulizwa sana habari za choo mpaka akakasirika.

Dripu wiki 6. Binamu alivumilia, ila bibi dawa nyingine zinaumiza figo na figo zake zilishachoka, kila mara wanapima damu wanapunguza dozi. Operesheni kwa binamu iliongelewa mapema, kwa bibi kila mtu aliangalia chini, na kweli wazee wanakufa zaidi na huu ugonjwa.

Binamu sasa anachoma penisilini kila wiki 4 ili ile homa ya rumatiki isirudi, akijisahau namfuata mwenyewe mwaloni. Bibi jana kasonga ugali wa muhogo, nikamuuliza bibi mimi nani? Akanisonya, "Kula mume wangu, unapoa."