Siku moja ya mkaguzi wa uvuvi bahari kuu

Saa 11 alfajiri. Meli ya doria iko mashariki ya Mafia, ndani ya ukanda wa kiuchumi wa Tanzania unaofika maili 200 za baharini. Zamu inaanzia kwenye skrini tatu: rada; AIS, yaani mtambo wa redio unaotangaza jina la meli na mahali ilipo kwa vyombo vilivyo karibu; na VMS, yaani kifaa kinachotuma mahali meli ilipo kwa njia ya setilaiti. Kila nukta ya rada lazima ipate jina kwenye skrini mojawapo ya hizo nyingine. Isiyo na jina ndiyo tunayoifuata. Mwendo nao ni ushahidi. Meli ya mshipi mrefu, ile inayotega mshipi mmoja wenye ndoana nyingi, ikiwa safarini hukata noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa) au zaidi. Ikishuka hadi noti 4, ikasimama, ikapinda, ikasimama tena, inavuta ndoana, hata nahodha aape kwamba anapita tu.

Saa 12 na nusu. Tunaita kwa redio chaneli 16, kisha tunahamia chaneli ya kazi. Jina la meli, bendera, namba ya IMO (namba ya kimataifa ya kudumu ya meli), namba ya leseni, bandari ya mwisho, idadi ya mabaharia, tani za samaki zilizomo. Kila jibu linaandikwa neno kwa neno pamoja na dakika yake, kwa sababu swali la tani litarudi tukiwa ndani ya chumba cha baridi.

Saa 1 na nusu asubuhi. Boti ndogo inasogea upande wa demani, ambako meli yenyewe inazuia upepo. Msimu wa kusi hapa ndipo watu huumia. Ngazi ya kamba inashikwa boti ikiwa juu kabisa ya wimbi, na unapanda mara moja bila kusita. Ukiishika boti ikiwa chini, wimbi linalofuata litainua boti na kukubana mguu. Askari hutangulia, mabaharia hukusanywa sehemu moja na kuhesabiwa.

Saa 2. Kwanza kabisa ni chumba cha usukani. Tunapiga picha ramani ya GPS na njia ilizopita meli kabla mtu hajagusa swichi. Kisha VMS: namba yake, lakiri, waya wa umeme, antena. Kanuni za Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi zinataka kifaa kitume taarifa angalau kila baada ya saa nne. Kikikaa kimya, utaambiwa umeme ulikatika, na hapo tunafungua daftari la chumba cha injini tuone kama jenereta kweli ilizimika siku hiyo.

Saa 3 hadi saa 6 mchana. Hapa ndipo kesi inapojengwa, na kwa maoni yangu mkaguzi anayeharakisha saa hizi angebaki nchi kavu tu.

Daftari la mavuno linatakiwa kuonyesha kila mtego: tarehe, mahali, idadi ya ndoana, aina za samaki na uzito wake. Meli kubwa hutega ndoana kama 3,000 kwa siku. Daftari la mwezi mzima lisilo na papa hata mmoja, lenye tarakimu zinazoishia na sifuri tu na wino uleule kurasa zote, limeandikwa kwa siku moja.

Kisha tunashuka. Jodari wa kuliwa mbichi hugandishwa kwa nyuzi 50 hadi 60 chini ya sifuri, kwa hiyo tunaingia wawili wawili kwa dakika chache, na betri za kamera zinakaa ndani ya koti maana baridi huzimaliza. Shehena tunaipima kwa futi kamba. Tuseme ina urefu wa mita 6, upana 5, kina 2: hizo ni mita za ujazo 60. Ukikadiria nusu tani kwa kila mita ya ujazo unapata tani 30. Kama redioni ilikuwa 12, tofauti hiyo haielezwi na kosa la kukadiria.

Papa wanahesabiwa kwa viungo. Papa mmoja ana pezi moja kubwa la mgongoni na mawili ya kifuani. Mapezi 80 ya kifuani yanadai miili 40. Ukiikuta 15, ishirini na mitano ilitupwa. Angalia pia nyuma ya magunia ya chakula na chini ya chambo. Papa wale wenye mkia mrefu kama mundu hawaruhusiwi kubakizwa melini kabisa, hata mmoja.

Jikoni na vyumba vya kulala hupitiwa haraka. Mabaharia, hata hivyo, huhojiwa mbali na nahodha, na swali la kwanza ni nani ameshika pasi zao za kusafiria.

Saa 8. Maandishi. Picha ya mbali, ya karibu, kisha yenye rula. Kila mfuko wa kielelezo una namba, na kila mkono unaoupokea unasaini. Kwenye fomu tunatumia saa za UTC pekee, yaani saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, maana 08:00 ya GPS na saa mbili ya mkaguzi zikichanganywa, wakili ataibomoa ripoti nzima. Nahodha akikataa kusaini, kukataa kwake kunaandikwa mbele ya mashahidi na mkalimani.

Hatusemi haya kwa kupenda karatasi. Meli ya uvuvi Tawariq 1 ilikamatwa mwaka 2009 na shehena ambayo wananchi waliiita samaki wa Magufuli, waziri wa uvuvi wakati huo. Hukumu ilitoka 2012, na 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta kwa kasoro za kisheria.

Saa 10 jioni. Meli inaamriwa kwenda Dar es Salaam chini ya ulinzi. Fundi wake wa mitambo ya baridi anabaki kazini, kwa kuwa shehena ikiyeyuka kielelezo kimeoza. Wakaguzi wawili wanalala humo kwa zamu, mmoja akiandika joto la kila chumba cha samaki kila saa, mwingine akilinda lakiri za milango na kifaa cha GPS kisifutwe.