Zindiko la Waingereza

Jumamosi iliyopita mwenzangu wa kazini, tunalea wazee pamoja, alinipeleka Bury St Edmunds, mji wa Suffolk mashariki mwa Uingereza, tukaone mchezo wa kuigiza. Ukumbi wenyewe, Theatre Royal, ni wa mwaka 1819, kazi ya William Wilkins, aliyesanifu pia National Gallery ya London. Jirani yake ni kiwanda cha bia cha Greene King. Ukumbi ulipofungwa mwaka 1925, kiwanda kikaufanya ghala la mapipa! Ulifunguliwa tena 1965 baada ya wenyeji kuchangishana, na nikikaa pale niliwashukuru kimoyomoyo.

Kabla ya mchezo tulipita The Nutshell, baa iliyopo tangu 1867. Futi 15 kwa 7 tu. Chumba cha uani kwetu Ngamiani, Tanga, kinaizidi. Ukiingia, aliyekaa karibu na mlango anakunja magoti upite. Watu hawahawa ambao kwenye basi kila mmoja anatafuta kiti cha peke yake, hapa wamebanana kama kwenye kipanya cha jioni, na juisi yangu ya machungwa ilinifikia kwa kupita mikononi mwa wageni watatu. Mwaka 1984 waliwahi kuingia watu 102 na mbwa.

Lakini nilichokuja kusimulia kiko darini. Dari limebandikwa noti za nchi nyingi, na chini yake ananing'inia paka. Paka kabisa, amekauka kama ng'onda, ngozi imeshikana na mbavu. Zamani huku, mtu akijenga nyumba, aliweza kuziba paka ndani ya ukuta au karibu na dohani ili mabaya yasiingie.

"Zindiko!" Neno lilinitoka kwa Kiswahili, kwa sauti.

Bibi yangu alipojenga alimwita mwalimu, wakafukia vitu pembe nne za nyumba. Miaka sita niliyokaa huku sijawahi kumwambia mtu. Wakiniuliza habari za uchawi wa Afrika nilikuwa nabadilisha mazungumzo, naona haya, kama vile bibi alifanya jambo la aibu. Na hawa wamelitundika la kwao juu ya vichwa vyao, wanakunywa chini yake na watoto wanaonyeshwa. Nilisikia uchungu kwa ajili ya bibi, kwamba nilimficha.

Mwenzangu akauliza nimesema nini. Nikamweleza yote, tumesimama bega kwa bega hakuna pa kusogea. Akataka kujua kilifukiwa nini. Nikamwambia bibi hakututajia mpaka amefariki, ila mjomba alipoongeza vyumba alikatazwa asichimbe pembeni.

Akainua macho kwa yule paka. "Na huyu wanasema asiguswe," akasema.