Jinsi nilivyotatua kosa la `__atomic_load_8` kwenye armel

Kifurushi ninachokitunza katika Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, kilijengeka vizuri kwenye amd64 (prosesa za kawaida za biti 64), lakini kwenye armel (prosesa za zamani za ARM za biti 32) hatua ya kuunganisha faili za programu na maktaba ilikatika kwa ujumbe kwamba fanksheni `__atomic_load_8` haijulikani. Kubadili toleo la kompaila hakukusaidia, wala kupunguza kiwango cha uboreshaji. Prosesa hizo za armel hazina amri ya kusoma biti 64 kwa mkupuo mmoja bila kuingiliwa, hivyo kompaila ya GCC huiachia kazi hiyo maktaba ya libatomic. Niliongeza `-latomic`, yaani agizo la kuunganisha maktaba hiyo, katika `LDFLAGS`, orodha ya maagizo ambayo hutangulia faili za programu, kosa likabaki palepale. Nilipoihamishia katika `LIBS`, orodha ya maktaba ambayo huja baada ya faili hizo, kifurushi kikajengeka na majaribio yake yote yakapita. Mahali ilipokaa ndipo penye uzito, kwa kuwa kifurushi hiki hutumia `--as-needed`, agizo la kuunganisha maktaba zinazohitajika tu, na maktaba inayotajwa kabla ya faili zinazoihitaji huachwa.