Paiki wa Minnesota na waya wa nguru

Nimekulia Shimoni, na nguru nilianza kuvua kwenye ngalawa ya babu kabla sijatimiza miaka kumi. Nilipohamia Minnesota, Marekani, nikasikia habari za paiki, samaki wa ziwani mwenye mdomo kama wa bata na meno kama misumeno, anayejibanza kwenye majani akiotea samaki wenzake. Nikajiambia huyu nitamweza. Msimu mzima ukapita bila hata mmoja, na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba niliacha nilichokijua nikafuata maneno ya dukani.

Muuzaji aliniambia nisifunge waya, kile kipande kati ya mshipi na ndoano ambacho meno hayakikati, eti paiki akiuona anakimbia. Babu alikuwa hamtupii nguru ndoano bila waya, lakini mimi nikaona pengine maji ya huku yana kanuni zake. Wikendi ya kufunguliwa kwa msimu, katikati ya Mei, nilisimama kwenye gati la ziwa moja karibu na Brainerd na vijiko vitatu vya Dardevle, yaani chambo cha chuma chenye umbo la kijiko, vile vyekundu vyenye mstari mweupe. Cha kwanza kilipigwa kabla sijakizoea. Fimbo ikapinda, rili, ile roda ya kuzungushia mshipi, ikalia, moyo ukaniruka, mara mshipi ukalegea. Nikauvuta: ncha imekatwa safi kama kwa wembe. Nikafunga cha pili, vilevile. Cha tatu kilifika karibu na gati, nikamwona kwa macho yangu, kijani chenye madoa meupe, akatikisa kichwa mara moja tu. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, si kwa dola zangu kumi na tano au ishirini, bali kwa samaki watatu walioondoka na ndoano vinywani.

Usifunge kijiko bila waya, hata akuambie nani. Kipande cha inchi 12 hivi kinatosha.

Kwa waya sikukatiwa tena, ila sasa hawakugusa kabisa. Hapo kosa lilikuwa la Shimoni. Nguru tunamrambaza, chambo kinakimbia nyuma ya chombo, nami nilikuwa nazungusha rili kwa kasi ileile. Masika ya huku maji bado ni ya baridi na paiki ametoka kutaga, hana haraka. Siku moja ya msimu uliofuata mshipi ulinitatiza kwenye rili, nikainama kuufungua huku kijiko kikizama chenyewe, kikiyumba kama samaki aliyejeruhiwa. Nilipoukaza mshipi, kulikuwa na mtu upande wa pili! Inchi 29, nilimpima mara mbili.

Tangu siku hiyo nazungusha rili mara mbili tatu, naacha kijiko kianguke, nahesabu hadi tatu, navuta tena. Wengi wanashika kikiwa kinaanguka. Pembeni mwa majani natumia kijiko. Ndani ya majani natumia chambo cha waya uliopinda chenye bawa linalozunguka, kwa kuwa ndoano yake moja inaangalia juu na hainasi ovyo. Rangi sihangaiki nayo sana: maji machafu rangi kali, maji meupe fedha.

Na usikitoe chambo majini upesi. Paiki hufuata mpaka miguuni pako. Ingiza ncha ya fimbo majini uchore namba nane taratibu; wawili wangu bora wameshika hapo hapo. Koleo ndefu iwe mfukoni, vidole visikaribie mdomo ule.

Agosti usipoteze muda kwenye kina kifupi, wakubwa wameshuka kwenye maji ya baridi.

Kanda yetu hii, sheria ya tangu 2018 inataka wa inchi 22 hadi 26 warudishwe wote. Naiheshimu, maana hao ndio wakubwa wa kesho. Yule wa 29 tulimla. Ana miiba yenye panda ndani ya mnofu, kwa hiyo mke wangu alimchanja vipande vyembamba, akamkaanga kwanza, ndipo akamtia kwenye tui.