Vistari vyekundu kwenye futi ya Mama

Jana mwanangu wa mwisho alikuwa anatafuta vifungo kwenye droo ya cherehani, akaibuka na ile futi ya njano ya marehemu bibi yake. "Mama, nani kachora hapa?" Kuna vistari viwili vya wino mwekundu, kimoja kwenye 31, kingine kwenye 34 na nusu. Nikamwambia nitakueleza kesho. Usingizi haukuja.

Mwaka mmoja Baba aligeuka manjano, tukahangaika na vipimo mpaka ikajulikana ni saratani ya kongosho. Siku moja kabla ya upasuaji, daktari alivuta kiti karibu na kitanda chake, akajumlisha kwenye karatasi hatari ya damu kuganda. Umri wa miaka 68, pointi 2. Saratani, 2. Upasuaji mkubwa, 2. Mpira utakaoingizwa kwenye mshipa wa shingo, 2. Jumla 8.

Baba, mwalimu wa hesabu tangu ujana wake, akamtazama juu ya miwani. "Nane kati ya ngapi?"

Daktari akasema haipigwi hivyo. Mtu akifikisha 5 tu, anahesabiwa yuko kwenye hatari kubwa.

"Basi kila anayefanyiwa hii operesheni anafikisha."

"Karibu wote, mzee. Inatusaidia kujua nani apewe kinga. Nani hasa damu itamganda, hapo haitwambii."

Upasuaji ulichukua saa 7. Siku ya 11 tukarudi nyumbani na sindano 7 za enoxaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 40, moja kila jioni tumboni. Nyingine tununue wenyewe mpaka zitimie siku 28. Nesi alinifundisha na kupima vigimbi kila asubuhi, kuona kama mguu unavimba: tafuta kinundu cha mfupa chini ya goti, shuka sentimita 10, zungusha futi bila kukaza. Mguu mmoja ukiuzidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, msisubiri.

Siku ya 19 na ya 20 zilipita bila sindano. Ilikuwa Idi, duka letu la dawa limeishiwa, na mimi nikajiambia siku mbili si kitu.

Siku ya 22, baada ya sala ya alfajiri, Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kikoi amekipandisha juu ya magoti kama kawaida yetu. Mguu wa kulia, 31. Nikahamia wa kushoto. Nikadhani futi imekwenda upande, nikaifungua, nikatafuta kinundu upya, nikahesabu zile 10 kwa kidole. 34 na nusu. Ngozi ilikuwa imevutika, inang'aa, ina moto. Nilipoondoa kidole gumba kilibaki kishimo, na kishimo kikachelewa kujaa. Nikabaki nimekishika kile kigimbi kwa mikono miwili, nashindwa kuinua uso.

"Tatu na nusu," akasema Baba. Alikuwa ameshatoa hesabu. Akapapasa mezani, akanipa kalamu yake ya kusahihishia madaftari. "Weka alama, mama. Daktari atataka kuona."

Altrasaundi ilikuta bonge la damu kwenye mshipa wa paja. Kwenye mapafu halikuwa limefika, alhamdulillahi. Sindano zikapanda hadi miligramu 60 mara mbili kwa siku, kwa uzito wake. Aliishi miezi 14 zaidi, mguu ule ukiwa mzito mpaka mwisho.

Nilimuuliza daktari kuhusu zile siku mbili. Akasema saratani ya kongosho yenyewe humwaga kwenye damu vitu vya kuigandisha, na wapo wanaopata bonge bila kukosa sindano hata moja. Akanisimulia habari za Armand Trousseau, tabibu wa Ufaransa aliyefundisha mwaka 1865 kwamba damu inayoganda ovyo inaweza kuwa dalili ya saratani iliyojificha. Miaka miwili baadaye mshipa wake mwenyewe ukaganda, akajua ana nini, na mwaka huohuo saratani ya tumbo ikamwondoa. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Hadi leo sijui alikuwa ananijibu au ananihurumia.

Mwanangu anatoka shule saa tisa. Futi nimeiweka mezani. Nianze na zile pointi 8 au na zile siku mbili, bado sijaamua.